Glavu nene za kushikia hamsta: nimekaa nazo miezi mitatu, haya ndo niliyoyaona

Nilizinunua hizi glavu baada ya hamsta wangu, Karanga, kuning'ata mara ya tatu ndani ya wiki moja, na hiyo ya tatu ndo ilikuwa mbaya kabisa, meno yaliingia ncha ya kidole cha shahada pembeni ya ukucha na hakuachia, akabaki ananing'inia huku damu inachuruzika mpaka kwenye kiganja. Hamsta ni kamnyama kadogo ka jamii ya panya lakini yale meno ya mbele si ya mchezo jamani. Kwa hiyo nilipoona glavu zimeandikwa kabisa kwamba ni za kuwashikia na kuwazoesha wanyama wadogo waoga nikaagiza siku hiyohiyo.

Nianze na glavu yenyewe. Ni ngozi nene nje, ndani kuna kitambaa laini, zinapanda mpaka katikati ya mkono kuelekea kwenye kiwiko. Meno hayapiti, hapo sina ubishi, Karanga aliuma kidole gumba kwa nguvu zake zote nikasikia kama nimebanwa na kibanio cha nguo basi. Mishono bado mizima, haijafumuka popote. Harufu ya ngozi lakini ni kali, nilizianika nje siku mbili na bado ilikuwepo.

Sasa shida iko kwenye hilo neno kuwazoesha.

Mara ya kwanza naingiza mkono kizimbani nikiwa nimevaa, Karanga aliganda kwanza, masikio yamelala nyuma, hata sharubu hazitikisiki. Nikadhani ametulia. Kumgusa tu mgongoni akajipindua chali, miguu juu, mdomo wazi, yale meno ya njano yote nje (njano ni rangi yake ya kawaida, si ugonjwa), afu akapiga kelele, sauti nyembamba ndefu ambayo sikujua kama hamsta anayo. Nilitoa mkono nikakaa chini pale pale moyo unanienda mbio. Siku iliyofuata nikajaribu tena, hali ileile. Wiki nzima hivyo, na mwisho wake akawa hata nikifungua mlango tu bila glavu anakimbilia shimoni.

Nilipokaa na kufikiria nikaona kosa liko wapi. Hamsta haoni vizuri, anakujua kwa pua. Glavu imeziba harufu ya mkono wako yote, anachokipata yeye ni harufu ya ngozi ya mnyama mwingine, na kinachomjia ni kitu kikubwa kinashuka kutoka juu kama mwewe. We mwenyewe ungefanyaje? Afu kuna hili ambalo linaniuma zaidi, ukivaa glavu nene huwezi kujua unabana kiasi gani. Mbavu za hamsta ni kama njiti za kiberiti. Mkono mtupu unasikia moyo wake unavyopiga, unasikia akianza kujikunja, unalegeza. Glavu haikuambii chochote. Ndo maana naomba sana msimpe mtoto hizi glavu mkidhani ndo usalama, mtoto atakuwa hana woga wa kuumwa na atakamua.

Tena tukumbuke hawa hamsta wa Syria tunaowafuga, karibu wote wanatokana na familia moja iliyochimbuliwa shimoni karibu na mji wa Aleppo mwaka 1930. Hata miaka mia haijafika. Mbwa ana maelfu ya miaka na watu, huyu bado ndani yake ni mnyama anayeliwa na kila kitu kinachoruka na kinachotambaa. Akiuma hana ubaya na wewe, anaogopa, au umemuamsha, au kidole chako kinanukia chakula. Nilipojipima, zile mara tatu zote zilikuwa kosa langu: mbili niliingiza mkono kwenye kiota mchana amelala, wakati yeye ni mnyama wa usiku, na moja nilitoka kumenya tunda sikunawa.

Basi nikaziweka glavu kabatini nikaanza upya. Siku nne sikumgusa kabisa, maji na chakula tu, naongea nae kwa sauti ya chini ili aizoee. Usiku nalala na tishu ndani ya fulana, asubuhi naiweka karibu na kiota chake, siku ya pili nikakuta ameivuta ndani na kuichanachana akatandikia. Nilifurahi sana siku hiyo, kwamba anakubali kulala na harufu yangu. Baada ya hapo jioni akishaamka mwenyewe nanawa mikono kwa sabuni isiyo na manukato, nalaza kiganja chini kabisa ya kizimba, mbegu moja ya alizeti katikati, natulia. Natulia kweli, dakika kumi, kumi na tano, mkono unakufa ganzi. Siku za kwanza alinyoosha shingo akachukua akakimbia. Kama siku ya tisa hivi aliweka mguu mmoja wa mbele kwenye kidole changu, baridi kidogo na mwepesi kama tone la maji, akabaki hapo anatafuna.

Kumtoa nje ndo nilitumia kikombe. Kikombe cha plastiki cha kawaida chenye mdomo mpana, unakilaza ubavu na mbegu ndani, anaingia kwa miguu yake, unainua taratibu huku umeziba mdomo kwa kiganja. Hakuna kukimbizana, hakuna kushikwa kutoka juu. Nampeleka kwenye beseni kubwa kavu nililotandika taulo, nakaa chini sakafuni pembeni yake naingiza mikono, anapanda anashuka anavyotaka. Chini ni muhimu, hawa hawana hesabu ya kimo, anaweza kujirusha kutoka mapajani akavunjika mguu.

Na akiuma katikati ya mazoezi usimrushe wala kumpulizia usoni, najua kuurusha mkono kunakuja kwenyewe lakini jizuie, shusha mkono mpaka chini aguse sakafu, ataachia. Kidonda kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kandamiza kwa kitambaa safi, na kikivimba, kikiwa chekundu cha moto au ukipata homa nenda hospitali na uulize habari ya sindano ya pepopunda. Mjamzito asishughulike na hamsta wala kusafisha kizimba, hawa jamii ya panya wanaweza kubeba virusi vya LCMV vinavyodhuru mtoto tumboni.

Kizimba nacho angalia. Karanga alikuwa anaguguna nondo za kizimba usiku kucha, nilipomhamishia kikubwa, nikamjazia maranda ya mbao sentimita ishirini na zaidi achimbe, na gurudumu ambalo mgongo wake haupindi akikimbia (kwa hawa wa Syria tafuta la kama sentimita 28), ule ukali ulipungua nusu nzima bila mimi kufanya kingine.

Je glavu ni za kutupa? Hapana, na hapa niwe mkweli kwa muuzaji. Jicho la Karanga lilivimba mwezi wa pili, akawa na maumivu hataki kuguswa, nikavaa glavu moja kumuingiza kwenye boksi la kwenda kwa daktari wa mifugo na ilinisaidia. Pia alishawahi kutoroka nyuma ya kabati, mkono wenye glavu ukaingia kumziba njia wakati anatoka. Kwa dharura za dakika mbili ni nzuri. Kama kinga ya meno nazipa nyota nne, kama kifaa cha kuzoesha nazipa moja, na ningeomba hayo maandishi kwenye pakiti yabadilishwe, maana hamsta anaishi miaka miwili mpaka mitatu tu, wiki ukizipoteza kumtisha ni kipande kikubwa cha maisha yake.

Anayezitaka bado, achukue saizi ndogo kuliko anayovaa kawaida, zangu vidole vimepwaya na ncha inajikunja, na azianike nje wiki nzima kabla hajaziingiza kizimbani.