Subaru Baja: kapikapu ka awd, uchukue au uache?

Wengi wanaoiulizia hii gari swali lao la kwanza ni inabeba kilo ngapi, na mi naona hapo ndo pa kuelewana mapema kabla hata hujaenda kuiangalia, Baja sio gari ya kilo. Hii ni Legacy Outback, stesheni wageni ya Subaru, iliyokatwa nyuma ikapewa bodi ya wazi ya kupakia mzigo, ina milango minne, viti vinne, injini ya 2500 cc yenye silinda nne zilizolala, na awd, yaani tairi zote nne zinavuta, inayofanya kazi muda wote bila kubonyeza kitu. Ilikuwa inatoka kiwanda cha Subaru cha Lafayette, Indiana kule Marekani, modeli za 2003 mpaka 2006, wakaacha kuitengeneza na jumla zilitoka kama elfu 30 tu. Kwahiyo yoyote utakayoikuta sokoni leo ni gari ya karibu miaka 20 au zaidi, na haijawahi kutengenezwa ya usukani wa kulia. Kama hayo mawili yanakusumbua basi ishia hapa uokoe muda wako.

Nilivyoielewa mimi baada ya kuiendesha na kuipakia: ni gari ya mzigo mchafu, sio ya mzigo mzito. Ukiishika hiyo utajua kama inakufaa au haikufai, mengine yote ni maelezo.

Mzigo mchafu namna gani? Mbwa aliyetoka kuogelea kwenye tope, matenga ya samaki, dumu la dizeli linalovuja kidogo kwenye kifuniko, baiskeli zenye grisi, majani uliyofyeka, jenereta ndogo, jiko la mkaa ambalo bado lina majivu. Vitu ambavyo kwenye stesheni wageni unaviingiza roho inakuuma na harufu inakaa wiki nzima. Hapa unatupa nyuma, ukifika unafungulia mpira wa maji unaosha bodi kwisha kazi, na mbele unabaki na gari kabisa, kiti kizuri, kimya, hairuki ruki barabara mbaya kama pikapu ya chesisi isiyo na mzigo. Hicho ndicho kilichonifanya niipende kusema kweli. Pikapu kubwa ikiwa tupu nyuma inakuwa nyepesi mno inadunda kila shimo, Baja ikiwa tupu inatembea vizuri tu maana springi zake ni za gari ndogo.

Ila hizo springi ndo zinakufunga pia. Uwezo wake wa kubeba ni kwenye kilo 475 hivi na hapo watu wamo ndani ya hesabu, hii watu hawaisikii kabisa. Piga hesabu, wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja ni 300 tayari, unabaki na kilo 175, mifuko mitatu ya saruji na umeshafika mwisho. Ukiwa peke yako una karibu kilo 400 za kuchezea lakini hata hapo zisambaze usizirundike zote kule kwenye mlango wa nyuma. Hii gari haina chesisi, bodi na kabini ni kipande kimoja, na nyuma kila tairi ina mguu wake unaojitegemea, sasa ukizidisha mzigo nyuma inakaa chini, tairi zinalala kwa ndani zinaliwa upande mmoja, taa za mbele zinamulika miti na breki inaanza kuwa ndefu. Ukiiona Baja inauzwa tairi za nyuma zimelika upande wa ndani tu, muulize mwenyewe alikuwa anabeba nini. Anayepeleka mchanga, matofali au magunia ya mahindi kila siku atafute pikapu ya chesisi, wala asihangaike na hii.

Bodi yenyewe ni fupi, mita moja na sentimita tano au sita hivi. Subaru walijua watu watalalamika wakaweka kimlango kati ya kabini na bodi, wenyewe wanakiita Switchback. Unalaza kiti cha nyuma, unafungua kimlango, mbao ndefu au ubao wa kuteleza kwenye mawimbi unapita mpaka ndani. Ni kitu cha akili sana ila ujue mwanya wake ni mfinyu, kioo cha nyuma kinabaki pale pale juu, friji haipiti wala boksi kubwa halipiti, ni vitu virefu vyembamba. Na ukikifungua vumbi lote la bodi linakuja kwako. Angalia mpira wake unaozuia maji, bonyeza kwa kidole kila pembe, ukiwa umekakamaa kama plastiki basi nyuma ya kiti pana maji, inua zulia unuse.

Sasa awd. Watu wanachanganya hii na fo-wili ya gari kubwa. Baja haina gia ya chini ya kupandia miamba, haina kufunga difu (zile gia zinazogawa nguvu kwenda kwenye tairi). Ya manyuo ina difu ya katikati inayogawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma ikisaidiwa na kapilingi ya mafuta mazito, ya oto inapeleka nguvu nyingi mbele halafu klachi ndani ya giaboksi inaongeza ya nyuma kadri tairi zinavyoteleza. Kwenye njia ya udongo iliyolowa, changarawe, kilima chenye utelezi, hapo utaisifia, inashika kabla hata hujajua kwamba ilitaka kuteleza. Kwenye tope la kufika kwenye vishikio vya mlango utalala hapo. Na tafadhali, awd inakusaidia kuondoka na kupanda, haikusaidii kusimama, kwenye breki wewe na mwenye gari ya tairi mbili mko sawasawa.

Halafu kuna hili la tairi ambalo linaua hizi gari kimya kimya. Zote nne lazima ziwe saizi moja, aina moja, na zimelika kwa kiwango kinachokaribiana, Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, ni kama milimita 6 tu. Ukifunga tairi moja mpya na tatu za zamani, ile mpya inazunguka tofauti kila mita unayotembea, difu ya katikati inadhani unateleza muda wote, inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kwahiyo ikipasuka moja mara nyingi maana yake ni kununua nne, iweke hiyo kwenye bajeti. Kwenye ya oto kuna sehemu ya fyuzi kwenye boneti iliyoandikwa FWD, ukilazimika kufunga tairi ya akiba ndogo unachomeka fyuzi pale gari inatembea kwa tairi za mbele tu mpaka ufike kwa fundi.

Kuipima ni rahisi. Iendeshe mpaka injini ipate moto vizuri, tafuta sehemu pana ya lami kavu, kata usukani mpaka mwisho halafu zunguka taratibu sana, mguu mwepesi. Inatakiwa izunguke laini. Ikianza kujivuta, kama kuna mtu anaikanyagia breki kidogo kidogo, au tairi zinaruka ruka, basi awd imekwama na hiyo ni kazi ya giaboksi. Rudia kwa upande wa pili na kwa rivasi. Muuzaji akikwambia subaru zote ziko hivyo, sio kweli.

Injini sasa, hapa uwe mkali. Hizi 2.5 zisizo na turbo zinajulikana kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi kwa nje. Kwa kuwa injini imelala, hedi ziko pembeni na kiungo chake cha chini utakiona ukiingia chini ya gari na tochi, pale hedi inapokutana na bloku, karibu na bomba za ekzosi. Unatafuta unyevunyevu wa oili wenye vumbi lililoshikana, au alama nyeupe au kijani ya kulenti iliyokauka. Injini imeoshwa inang'aa kama sahani siku unayokuja kuiona? Iendeshe nusu saa ndo uingie chini tena, na unuse, oili ikidondokea ekzosi utaisikia. Gasketi kuvuja sio mwisho wa gari, ila ikibadilishwa zibadilishwe pande zote mbili, ziwekwe zile za chuma za matabaka, na hedi zikanyooshwe mashine, akibadilisha upande mmoja kwa gasketi ya bei chee utarudi pale pale.

Taimingi belti inabadilishwa kila maili 105,000, hizo ni kama kilomita 169,000, au miaka kama tisa hata kama gari imelala tu. Hii injini belti ikikatika valvu zinagonga pistoni, hakuna mjadala. Kama hakuna karatasi inayoonyesha ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa na ukishainunua safari ya kwanza iwe kwa fundi, abadilishe na pampu ya maji hapo hapo kwa sababu ameshafungua.

Spea za injini, miguu, breki na giaboksi hazisumbui sana maana ni zile zile za Legacy na Outback za miaka ile. Shida ni kuanzia mlango wa nyuma wa abiria kurudi nyuma, taa za nyuma, plastiki za bodi, mlango wa bodi, kioo cha nyuma, hivyo ni vya Baja peke yake na gari zenyewe zilikuwa chache. Iliyogongwa nyuma iache hata kama wanakupa kwa nusu.

Turbo ilikuja modeli ya 2004, nguvu za farasi 210 badala ya 165. Inakimbia vizuri lakini kwa umri huu, kama huna historia ya kubadilisha oili kwa wakati, mi singeichukua, turbo inakufa kwa oili chafu na inataka mafuta bora. Ile ya kawaida ya manyuo ndo chaguo langu, ni ya pole, na mafuta tegemea kama kilomita 9 kwa lita ukichanganya mjini na njia kuu.

Kuna atakayeuliza kwanini usichukue mpya. Swali zuri, kwasababu sasa zipo. Ford Maverick ilianza modeli ya 2022, inabeba mpaka kilo 680 hivi, bodi mita 1.37, ila angalia sana, haibridi yake (ya petroli na umeme) miaka ya mwanzo ilikuwa ya tairi za mbele tu, awd kwenye haibridi imekuja modeli ya 2025, wengi wamenunua wakidhani wanayo. Hyundai Santa Cruz nayo ya 2022, damu ya Tucson, gari ya familia ya Hyundai, ya turbo yenye awd inavuta trela karibu kilo 2,270 wakati Baja inaishia kwenye 1,090 hivi. Mwenye trela ya boti asifikirie mara mbili, achukue Santa Cruz. Anayebeba kilo nyingi kidogo kila wiki, Maverick. Baja inabaki kwa mwenye fundi anayeijua Subaru, mwenye mizigo ya kilo mia mbili kushuka, anayekaa njia ya udongo na hataki gari iliyojaa skrini. Kama ni wewe na umekuta ya manyuo yenye karatasi za belti, hedi kavu chini na tairi nne zinazofanana, chukua.