Inveta ya sola kwa nyumba yenye friza: uzoefu wangu hapa Wete

Kwa anayetaka jibu la haraka: inveta ya haibridi (mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani, na inayopokea pia umeme wa laini, yaani wa shirika) ya kilowati 5, mfumo wa volti 48, pamoja na betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 na paneli 4 za wati 450, inaniendeshea friza mbili, friji ndogo, feni, taa, TV na blenda, na nimeridhika nayo. Nyota 4 kati ya 5. Iliyobaki nimeikata kwa sababu ya feni yake, nitafika huko. Na kama nyumba yako ina taa, simu na TV tu, huna haja ya mashine hii hata kidogo. Soma kwa faida, kisha ukanunue ndogo.

Mimi nauza malai na barafu. Malai za ukwaju, za nazi, za embe msimu wake ukifika, na barafu za maji ambazo wavuvi huzichukua alfajiri. Ramadhani ndiyo usiseme, kuanzia saa tisa mlango hauna nafasi. Kwa kazi hii umeme ukizimika mchana mmoja tu, biashara inayeyuka mbele ya macho yako na wateja bado wamesimama. Pemba tangu 2010 tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na hilo lilitutoa kwenye majenereta ya dizeli ya Wesha, tunashukuru. Lakini waya wa chini ya bahari ni waya. Wenzetu wa Unguja hawajasahau mwezi mzima wa kiza wa 2008, wala ile miezi iliyoanza Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Ndiyo maana nasema sola kwetu haikuwa mambo ya kujionesha.

Inveta ya kwanza ndani ya nyumba hii ilikuwa ya wati 1000, volti 12, yenye wimbi la ngazi, yaani umeme wake unapanda na kushuka kwa vidato badala ya kwa ulaini, na betri moja ya gari kubwa. Kazi iliyonunuliwa iliifanya vizuri: taa, TV, chaji za simu. Ilipokuja friza ndipo mambo yakabadilika. Kibao cha nyuma ya friza kimeandikwa wati 150. Elfu moja toa mia na hamsini, mtu yeyote angedhani nafasi iko tele. Tukaichomeka. Kompresa ikanguruma, haiondoki, taa za ukumbini zikafifia, kisha ikasikika "tak", kimya. Baada ya dakika chache inajaribu tena, inanguruma, "tak". Ukiigusa kompresa kwa mkono, ya moto, na ndani ya friza maji ni maji.

Sababu zilikuwa mbili kwa pamoja. Mota ya kompresa wakati wa kuanza huvuta umeme mara tano, sita, hata saba ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo wati 150 zile, kwa nukta ya kwanza, zinakaribia elfu moja, na inveta yangu ilikuwa ya elfu moja ya kwenye boksi. Kwenye betri iliyokwisha choka ilikuwa chini ya hapo. Pili, wimbi la ngazi mota hailipendi. Inapata joto zaidi, inanguruma, na umri wake unakatika. Taa hazijali, simu hazijali, lakini kitu chochote chenye mota kinataka wimbi safi, lile ambalo mafundi wetu wanaliita pyua sain. Hili ndilo swali langu la kwanza sasa kwa kila muuzaji, kabla ya wati na kabla ya bei.

Dukani Chake Chake nilioneshwa inveta ya wati 2000 ya volti 12, wimbi safi, bei ya kuvutia. Niliikataa, na hapa nataka tukae kidogo maana watu wengi hupitia haraka. Wati ni volti mara ampea. Ukitaka wati 1000 kutoka betri ya volti 12, waya unabeba ampea 83 na zaidi. Wati 2000, zaidi ya 160. Huo ni waya mnene wa bei mbaya, na kila kiungo kisichokazwa barabara kinachemka. Wati 1000 hizohizo kwa volti 48 ni ampea 21 tu. Na joto linalopotea ndani ya waya haliendi sawa na ampea, linakwenda kwa ampea mara ampea: ukipunguza ampea hadi robo, upotevu kwenye waya uleule unashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Mwenye friza asikubali kuuziwa volti 12. Volti 24 kwa nyumba ndogo sawa. Ukijua utaongeza vitu, nenda 48 moja kwa moja, kwa sababu inveta ya volti 24 haibadilishwi kuwa ya 48, ukihama unaiacha.

Majina ya madukani ni mengi. Growatt na Deye za China zimeenea, Victron ya Uholanzi nayo ipo kwa wenye mfuko mzito. Yangu siitaji, kwa sababu nitaisema vibaya huko mbele na sitaki kugombana na mtu. Nilichoangalia ni karatasi ya vipimo, na ndani ya karatasi hiyo wati za nje zilikuwa jambo la mwisho.

La mwanzo lilikuwa mashine inakula kiasi gani ikiwa haifanyi kazi. Hili wauzaji hawalitaji mpaka uwaulize. Inveta kubwa ni mlinzi anayekula hata usiku usiokuwa na mwizi. Yangu inatumia kama wati 50 kwa kukaa tu imewashwa. Zinaonekana ndogo, lakini ni uniti moja na pointi mbili kwa siku nzima, na kwa saa 12 za usiku ni wati-saa 600 zinazotoka kwenye betri yenye wati-saa 5120. Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya betri imekwenda, hujakunywa hata maji baridi. Kwangu mimi friza zinafanya kazi usiku kucha, kwa hiyo nimekubali. Kwa mwenye taa nne na TV, inveta ya kilowati 5 itakula zaidi ya taa zake. Ndiyo maana nikasema mwanzo, nunua ndogo.

La pili ni volti za paneli, na hapa ndipo tulipobishana na fundi. Fundi ni kijana wa mtaani petu, mwenye adabu na anayeijua kazi, lakini alikuwa na haraka. "Mama, tatu zinatosha tuanze nazo, ya nne utaongeza mwakani." Karatasi ya mashine inasema paneli zianze volti 120 ndipo chaja ya MPPT, ile ya ndani inayopokea umeme wa paneli na kujaza betri, ifanye kazi, na zisizidi 450. Paneli moja ya wati 450 ikiwa kazini inatoa kama volti 41. Tatu mara 41 ni 123, na fundi akaniambia basi zimepita. Zimepita kwenye karatasi, ambayo imepimwa nyuzi 25. Paneli juu ya bati la Pemba saa saba mchana ina nyuzi 60 na zaidi, na paneli ikipata moto volti zake zinashuka, zaidi ya sehemu moja ya kumi. Zile 123 zinakuwa 110 au chini yake, yaani jua likiwa kali kabisa mashine inaanza kusuasua. Tukafunga nne kwa mfuatano: hata zikichemka ziko karibu na 147, na zikiwa wazi bila mzigo hazifiki 200, mbali sana na 450. Aliponiona na kalamu na karatasi alicheka, lakini ya nne aliipandisha siku ileile.

Kwa sababu hiyohiyo, wanaodhani paneli zao za zamani zitahamia kwenye mashine mpya wafanye hesabu kwanza. Zangu mbili za wati 100 hata zikiungana hazifiki volti 40. Zimebaki na inveta ya zamani, zinawasha taa za banda la kuku na uani.

Juu ya bati tumeacha nafasi ya kutosha mkono kupita chini ya paneli ili upepo uingie. Mwelekeo kidogo kaskazini. Kwa nyuzi 5 kusini ya ikweta jua linatupita juu ya utosi Machi na Oktoba, kwa hiyo mwinamo si jambo la kugombania. Mradi maji ya mvua yateremke na uchafu wa kunguru.

Betri ndiyo iliyokula fedha nyingi. Nilikuwa nimeshachoka na betri za asidi: ukitaka zidumu usizishushe chini ya nusu, kwa hiyo unanunua mbili ili utumie moja. Lithiamu ya aina ya fosfati ya chuma unaishusha hadi asilimia 20 bila kuionea. Lakini ina masharti yake. Inveta nyingi zinatoka kiwandani zimepangwa kwa betri za asidi, na ndani yake kuna kazi ya kusawazisha betri inayopandisha volti kila baada ya muda. Kwa lithiamu hiyo izimwe. Pia kuna waya mdogo wa mawasiliano kati ya betri na inveta. Ule uliokuja kwenye boksi ulikuwa na mpangilio wa pini usiolingana na mashine yangu, na skrini ikawa inatoa alama ya hitilafu. Fundi aliukata na kuupanga upya kwa kufuata vitabu viwili, cha betri na cha inveta. Ukinunua, uliza waya huo kabla hujalipa.

Sasa mpangilio ambao naona ndio unaoziokoa friza zangu. Mashine ina namna mbili za kupokea umeme wa laini. Moja imeandikwa APL, inapokea kuanzia volti 90 hadi 280. Nyingine UPS, kuanzia 170 hadi 280, na pia inahama haraka zaidi umeme ukikatika. Yangu ilikuja ikiwa APL. Maana yake, jioni umeme ukiwa dhaifu, volti 140 kwa mfano, mashine inaupitisha huohuo moja kwa moja hadi kwenye kompresa, na umeme mdogo unaua kompresa kuliko kutokuwa na umeme kabisa. Nikaiweka UPS. Sasa laini ikishuka, inveta inaiacha na kushika betri yenyewe, na TV haijui kama kuna jambo. Kipaumbele nimeweka sola, kisha betri, laini ya mwisho. Uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla hapa Zanzibar, bado nanunua, hasa masika, mawingu yakikaa siku tatu mfululizo. Asikwambie mtu kwamba paneli 4 zitakuvusha masika na friza mbili.

Kuna jambo moja la matumizi limenisaidia kuliko kifaa chochote: mifuko mipya ya maji naingiza frizani saa tatu asubuhi, si jioni kama zamani. Kugandisha ndiko kunakokula umeme. Kulinda kilichoganda ni kazi nyepesi. Jua linagandisha, betri inalinda.

Haya, feni. Mashine ikibeba mzigo mkubwa au ikichaji kwa nguvu, feni mbili zinavuma kwa sauti ya kumfanya mama mkwe aulize nani kawasha mashine ya kusaga. Tuliifunga ukutani ukumbini, ikabidi ihamie ukumbi wa nyuma. Feni hizo pia zinavuta kila kitu: vumbi, chumvi ya baharini, na sisimizi, ambao wanapenda joto la ndani. Baada ya miezi michache fundi alipofungua kifuniko, kwenye pembe ya bodi walikuwa wamejaa, na mjusi mmoja amekauka juu ya pini. Nimefunga wavu mwembamba wa chuma mbele ya matundu, na unasuguliwa kwa brashi kavu kila mwezi, maana ukiziba mashine inachemka. Kitabu cha maelekezo hakina neno juu ya mijusi.

Kwa wanaoniuliza kuhusu pampu ya kisima: mashine yangu inabeba maradufu ya nguvu yake kwa sekunde chache tu, na pampu ya nguvu-farasi 1, ambayo ikishakimbia ni wati 750 hivi za kazi, inaweza kudai mara kadhaa ya hizo wakati wa kuanza. Ukiianzisha friza zikiwa nazo zinaanza, mashine inaweza kukata. Mwenye pampu kubwa aangalie inveta za transfoma, zile nzito za kubebwa na watu wawili. Zinakula zaidi zikiwa zimekaa, lakini zinavumilia mota. Au anunue pampu ya sola yenye mota yake ya umeme wa moja kwa moja, aiache inveta ishughulike na mambo ya ndani.