Jmol kwenye tuisheni yangu Tanga: nilivyoacha kuonyesha tambi

Nafundisha tuisheni ya kemia na baiolojia kwa vijana wa kidato cha tano na sita, chumba kimoja cha kupanga hapa Ngamiani. Vifaa vyangu ni laptop iliyochoka, projekta ya kuazima na ukuta mweupe. Jmol, programu ya kuonyesha molekuli kwa umbo la pande tatu, nimekaa nayo zaidi ya mwaka. Ni ya bure, na ukishaweka Java kwenye kompyuta inafanya kazi hata bando likiisha, mradi mafaili ya molekuli uliyapakua mapema. Ndugu yake, JSmol, hufunguka kwenye kivinjari, hata cha simu. Kuhusu kuiweka sina la zaidi.

Siku ya kwanza niliumbuka. Nilifungua himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, faili la 2HHB kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, nikachagua ule mwonekano wa utepe na kuanza kuizungusha kwa mbwembwe. Darasa kimya. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, hizo tambi?"

Tulicheka wote, ila nilirudi nyumbani nimenywea. Molekuli ile ina minyororo 4 na amino asidi 574, nami nilikuwa nimewamwagia zote kwa mkupuo. Mimi nilijua pa kutazama. Wao waliona futari.

Kumbe Jmol inapokea amri za kuandika, na amri hizo unaweza kuzihifadhi kwenye faili ukaziendesha mara moja. Siku hizi naandaa usiku: ficha hiki, kuza kile, paka rangi atomi mbili tatu, simamisha molekuli upande huu. Kazi yenyewe inachosha, lakini hapo ndipo programu ilipoanza kunilipa.

Mfano ni somo la kabohaidreti. Nilinunua kipande cha kamba ya mkonge, nikakifumua, kila mtu akapata uzi wake. Nikawauliza: wanga wa ugali na selulosi ya uzi huu vyote vimejengwa kwa glukosi, mbona kimoja kinatushibisha na kingine hatukiwezi? Laptop ilikuwa bado imefungwa. Kila mmoja achore kwanza anavyodhani glukosi mbili zinashikana.

Ndipo nikafungua maltosi (glukosi mbili zilizoungana kama kwenye wanga) na selobiosi (mbili zilizoungana kama kwenye selulosi), ubavu kwa ubavu. Haidrojeni zote nimezificha. Oksijeni inayounganisha glukosi mbili nimeikuza, na kaboni namba 6 ya kila glukosi nimeipaka zambarau ili macho yapate pa kushika. Nikampa binti mmoja kipanya. Akazungusha taratibu, akarudisha, akazungusha tena.

"Mwalimu, kwenye hii ya mkonge mmoja yuko chali, mwenzake kifudifudi."

Hiyo ndiyo beta 1-4, jina la kiungo cha glukosi kwenye selulosi. Nimeiandika ubaoni miaka nenda rudi na watu wakaikariri hivyohivyo. Kutoka hapo maelezo yalikuja yenyewe: kwa kupishana vile, mnyororo wa selulosi hunyooka, minyororo hulala sambamba na kushikana kwa bondi za haidrojeni. Wa wanga hujisokota kama springi. Amilesi yetu, kimeng'enya cha kusaga wanga, inakata viungo vya wanga, vya selulosi haivikati; ng'ombe anabebwa na vijidudu vya tumboni mwake. Vijana wakawa wanavuta nyuzi zao kujaribu kuzikata, mmoja hadi akajikata kidole.

Kasoro zipo. Kubwa kwangu ni rangi. "Kama oksijeni ni nyekundu, mbona hewa hatuioni nyekundu?" Swali halali kabisa, na hakuna mahali kwenye skrini panapomwambia mtoto kwamba rangi ni makubaliano tu. Dawa yangu ni kuonyesha molekuli ileile kwa vijiti, kisha kwa mipira iliyobanana, kisha kubadili rangi mbele yao bila kuomba radhi. Nyingine: anayeanza akizungusha sana anapotea, kwa hiyo andaa amri ya kumrudisha mwanzo. Na natamani ukiifungua tu ikuulize unatarajia kuona nini kabla molekuli haijatokea. Kwa sasa kazi hiyo inafanywa na daftari.

Naipa nyota nne kati ya tano. Wiki ijayo narudi na himoglobini, safari hii kwa ajili ya selimundu. Tambi nitazizima zote, nibakize amino asidi ya 6 ya mnyororo wa beta, pale valini ilipokaa kwenye kiti cha asidi ya glutamiki.