Metacam ya maji kwa mbwa: dawa nzuri, ila sirinji yake ichungwe

Kwa mbwa aliyetoka kufungwa kizazi au kushonwa jeraha, Metacam ya maji ya 1.5 mg/ml (dawa iliyomo ndani yake ni meloksikamu) ndiyo dawa ya maumivu tunayoipendekeza kwanza kwa kumpa nyumbani. Ni mara moja kwa siku, na ukiichanganya na posho (ugali) na mukene (dagaa) mbwa wengi huila bila kushurutishwa. Asipewe tumbo likiwa tupu.

Tatizo kubwa liko kwenye sirinji. Ile inayokuja na chupa imeandikwa kilo za mbwa, si mililita: unavuta hadi kwenye uzito wake, umepata dozi ya siku, yaani 0.1 mg kwa kila kilo. Ikipotea, mtu huchukua sirinji ya kawaida na kuvuta 15 kwa mbwa wa kilo 15, kumbe anatakiwa apate mililita 1 tu. Gawa kilo zake kwa 15, jibu ndilo mililita. Kidonge cha meloksikamu cha binadamu cha 7.5 mg ni dozi ya mbwa wa kilo 75, kwa hiyo kiacheni dukani.

Siku ya kwanza dozi huwa maradufu ya hiyo, kwa mkupuo mmoja. Lakini daktari akishachoma sindano ya meloksikamu siku ya operesheni, hiyo ndiyo ya kwanza. Ya maji inaanza kesho yake, dozi ya kawaida. Mwombe aandike kwenye kadi alichochoma. Chupa itikiswe vizuri kila mara.

Mbwa anayetapika au asiyekunywa maji asipewe, maana dawa hii hupunguza damu inayofika kwenye figo. Hapa Uganda kupe wamejaa, na homa ya kupe huweza kupunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa wa namna hiyo apimwe damu kwanza. Kuichanganya na dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni kunaweza kumtoboa tumbo. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, acha dawa siku hiyo hiyo na mpigie daktari.

Kwa mfupa uliovunjika, dawa hii peke yake haitoshi, daktari aongeze dawa nyingine. Paka nao chupa hii si yao, na Panadol ndiyo kabisa: huwaua.

Ukishaifungua, andika tarehe kwenye lebo. Inatumika miezi 6.