Uzoefu wangu: inveta kwenye feni ya kufyonza pamba

Huu ni msimu wa pili tangu tufunge inveta, yaani kifaa cha kubadili kasi ya mota, kwenye feni inayofyonza pamba mbegu kutoka bohari hadi kwenye mashine. Mimi ni fundi umeme wa jineri moja, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, wilayani Maswa. Imetusaidia sana, ila si kwa namna muuzaji alivyotueleza.

Zamani mota ya kilowati 75 ilizunguka kasi ileile kutwa, hewa ikizidi tunaibana kwa dampa, yaani kilango cha ndani ya bomba. Umeme ulipotea pale. Nguvu inayotakiwa na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi, kwa hiyo kushuka kutoka hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde) hadi 42 kunabakiza kama asilimia 59 tu ya nguvu hiyo. Kioo cha inveta kinaonyesha karibu hivyohivyo.

Wiki ya kwanza tulitaabika. Aliyekuja kufunga aliiweka hezi 38 akaondoka, na kabla ya saa sita mchana pamba ikawa imeziba kwenye kona ya bomba. Tulifungua na kuichomoa kwa mikono, huku malori yamepanga foleni nje. Pamba mbegu inataka hewa ya mita 20 hadi 25 kwa sekunde. Chini ya hapo inaanza kulala ndani ya bomba.

Nikaanza kusaka hewa inakovujia. Mipira ya gurudumu lililo chini ya kitenganishi (kinachotenga pamba na hewa), linaloangusha pamba bila kuingiza hewa, ilikuwa imelika kabisa. Miaka yote tuliongeza kasi ya feni kufidia uvujaji ule! Tulipobadilisha mipira na kuziba maungio ya bomba, hezi 42 zikatosha. Ningeshauri mtu aanze na mipira kabla hajanunua chochote.

Mzigo wa pamba ukija umeloweshwa maji ili uongezeke uzito, napandisha hadi hezi 47, kisha narudisha. Hapo ndipo inveta inaponifurahisha zaidi.

Kasoro yake ni vumbi. Kifeni cha kuipoza kilijaa nyuzi ndani ya mwezi mmoja, ikawa inajizima yenyewe. Tumeihamishia chumba kilichozibwa vizuri, na kila Jumamosi naipuliza.

Feni ya kusafirisha mbegu sitaifungia inveta. Mzigo wake haubadiliki, hivyo tuliweka puli ndogo zaidi kwenye mota ili kupunguza kasi, basi.