Jimu moja, makocha wawili: usiku karaha, alfajiri raha

Ninaandika kwa sababu ya kaka mmoja wa zamu ya usiku. Bila yeye nisingejisumbua.

Mnaofanya kazi za mahesabu mnaijua Juni. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30, na sisi tunaozidai taasisi zake tunakimbizana na hati za malipo kuanzia asubuhi mpaka giza. Mgongo umekufa ganzi, usingizi hauji, kichwani namba tupu. Ndiyo maana nililipia jimu hii iliyo njiani kwangu, Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Unashuka basi la mwendokasi, unavuka, umefika. Mlangoni wameandika wanafunga saa nne usiku.

Siku hiyo nilifika kama saa tatu na robo, baada ya kusimama kituoni Posta mpaka miguu ikawaka moto. Nikabadili nguo, nikapanda mashine ya kukimbilia. Hata jasho halijatoka, feni ikazimwa. Nikadhani umeme umekatika. Mara taa za upande wangu nazo zikazima. Kugeuka, kaka yupo kwenye swichi, anazungusha funguo kidoleni. "Dada, tunafunga." Nikamwonyesha saa ya ukutani. Akapandisha sauti ili waliobaki wote wasikie: "Kwani nusu saa nayo ni tizi? Kama uko bize, maliza kwanza kazi zako ndiyo uje."

Nilitetemeka kwa hasira. Mtu umetoka kazini hoi, umejilazimisha usipitilize kwenda kulala, halafu anayelipwa kwa hela yako anakwambia jasho lako halihesabiki!

Na ni uongo mtupu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 uliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike walau dakika 10. Hata ngazi za ofisini zinaingia kwenye hesabu. Kocha mzima hajui hilo? Au analijua ila alitaka kuwahi kwao?

Tangu hapo kila kitu pale kikawa kinaniudhi: muziki, vioo vyenye alama za vidole, mikeka inayonuka. Nikadai hela yangu. Hairudi, wakasema, labda uhamie alfajiri.

Nikaenda shingo upande. Saa kumi na moja anafungua dada mmoja wa makamo. Habari za kilo hakugusa. Aliniuliza, "Mwenzangu, jana umelala saa ngapi?" Nilipomjibu akasema, "Basi leo dakika ishirini zinatosha." Kuchuchumaa na kusimama, pushapu za kuegemea benchi, kuvuta kamba ya mpira, kisha kutembea haraka kwenye mashine. Bega langu la mkono unaoshika mausi lilikuwa limepanda karibu na sikio. Akaweka kiganja juu yake, akanyamaza, akasubiri lishuke, ndipo akaniruhusu nivute. Wiki za wakaguzi nilipokuwa siji hakunisema. Alinipangia vitu vya kufanya chumbani kabla ya kuoga, na nilivifanya. Nikaanza kupata usingizi.

Sasa nisemeje? Nilikusudia kuwaambia msikanyage kabisa, ila huyu dada nitakuwa nimemwonea. Halafu nikizikumbuka zile funguo zinavyozunguka, damu inachemka upya. Anayeweza kuamka alfajiri, aende, tena akimbilie. Wa usiku asitoe hata shilingi mpaka uongozi umtie yule kaka adabu. Au hapana, wamwondoe tu. Mimi miezi mitatu kwa mkupuo silipi tena, nalipa mwezi mmoja mmoja, na siku wakimhamishia asubuhi naenda zangu Mlimani kukimbia na wenzangu kwenye vilima vya Chuo Kikuu, bure.