Uzoefu wangu: nilipotua vibaya nikiwa peke yangu, na jinsi shule ya urubani ilivyonitendea

Nimesita miezi minne kuandika haya, kwa kuwa bado nasoma katika shule hiyo hiyo, na mkufunzi aliyenifundisha kushika usukani namheshimu sana. Jina la shule sitalitaja. Iko Uwanja wa Wilson, Nairobi, na shule za urubani pale si moja wala mbili, kwa hiyo nitakayoyasema yatamfaa yeyote anayetaka kulipa karo kwa ajili ya leseni ya rubani binafsi.

Darasani sina lalamiko. Somo la hali ya hewa lilifundishwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ndege ni Cessna 172 za zamani zilizotunzwa, na kila saa ya kuruka na mkufunzi hunigharimu zaidi ya shilingi 20,000. Ni pesa nyingi kwa mtu wa mshahara kama mimi, na leseni inadai saa 40 angani, kwa uchache.

Asubuhi ile ilikuwa mara yangu ya tatu kuruka peke yangu. Nilikuwa na saa 19 kwenye kitabu changu cha saa za kuruka. Upepo ulivuma kutoka mashariki, nikapewa njia ya kurukia na kutua iitwayo 07, nizunguke uwanja na kutua mara tatu. Mizunguko miwili ilikwenda salama. Wa tatu nilikuja juu mno, na badala ya kughairi kutua na kupaa tena nikashusha pua ili niiwahi njia. Spidi ikapanda. Nilitakiwa kuwa na noti 65, kama kilomita 120 kwa saa. Nilivuka ukingo wa njia nikiwa na 76.

Ziada hiyo si ndogo, hasa Wilson. Uwanja uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege huenda kasi kuliko saa ya spidi inavyoonyesha: ukisoma 65, kwa kweli umepita 70. Tena kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Mkufunzi akishuka, ndege hupungukiwa na uzito wa mtu mzima, na ikifika karibu na lami haitaki kukaa chini. Nilikuwa nimeambiwa hivyo. Kuambiwa na kuhisi mgongoni ni mambo mawili.

Nilipoinua pua, ikaelea. Ikaendelea kuelea huku lami ikipita chini yangu, nikakosa subira, nikalegeza usukani. Magurudumu yakagonga, ndege ikadunda juu futi sita, labda nane. Niliona lami inakimbia chini, na mkono wangu ukafanya kile ambacho mwili ulioshtuka hufanya: ukausukuma usukani mbele. Gurudumu la pua likatangulia. Mshindo wa pili ulikuwa mkali kuliko wa kwanza na ukanirusha juu zaidi. Wakufunzi hukufananisha kudunda huku na pomboo anavyoibuka na kuzama, ila kila mbizi ni kali kuliko iliyotangulia. Mshindo wa tatu, propela ikala lami. Sauti yake ilikuwa kama bati linaloburutwa juu ya mawe, halafu kimya kitupu. Injini ilikuwa imezimika yenyewe.

Nilifunga mafuta, nikazima swichi kuu ya umeme, nikatoka. Mikono ilikuwa imara. Miguu ndiyo iliyokataa kunibeba. Gari la zimamoto lilikuwa limeshafika kabla sijakanyaga nyasi.

Mkufunzi wangu alikuja mbio kwa miguu.

“Umeumia wapi?”

“Kapteni, nimeharibu ndege.”

“Ndege ina mafundi. Nimekuuliza wewe umeumia wapi.”

Maneno hayo nitayakumbuka siku zote, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kurudi pale.

Kesho yake fundi mkuu aliniita karakanani. Ncha za propela zilikuwa zimejikunja kuelekea nyuma. Akanionyesha ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya rubani, mahali mguu wa gurudumu la pua unaposhikizwa: ulikuwa umeingia mkunjo. Akaniambia hapo ndipo Cessna 172 huumia zinapotua kwa pua, na kwamba mara nyingine mkunjo hauonekani mpaka mtu alale chini na tochi. Injini yenyewe ni ya Lycoming, na kampuni hiyo inataka ikaguliwe kila propela inapogonga kitu, hata kama inawaka na kunguruma vizuri. Nyuma ya krankishafti, mhimili mkuu wa injini, kuna gia inayoendesha kamshafti, inayofungua vali, na magneto, zinazotoa cheche. Ikiachia, injini inakufa ukiwa angani. Kwa hiyo gia inakaguliwa na boliti yake inabadilishwa, hakuna njia ya mkato. “Mwanangu,” akaniambia, “ukiona kilichovunjika, mkono wako hautasukuma tena.” Hakunigombeza. Alinipa saa nzima ya muda wake bila kuniandikia bili.

Sasa lalamiko langu, na nalisema kwa moyo mzito. Kabla ya siku ile nilikuwa nimetua zaidi ya mara 100 nikiwa na mkufunzi. Nilifundishwa kughairi kutua nikiwa futi 300 juu, ndege imetulia, muda upo. Kughairi baada ya kudunda, nikiwa futi chache juu ya lami, spidi inakwisha, flapu zote, zile bapa za nyuma ya mabawa zinazoshushwa wakati wa kutua, ziko chini, sikufundishwa hata mara moja. Kila nilipodunda, mkufunzi alinyakua usukani akaokoa mwenyewe. Alikuwa mwepesi mno. Wepesi wake ulinilinda kwa saa 19, na siku alipokosekana mkono wangu haukuwa na cha kukumbuka.

Na bili. Mkataba unasema mwanafunzi atalipa sehemu ya hasara ambayo bima hailipi. Iko ukurasa wa nne, nami niliweka sahihi bila kuisoma. Nilidaiwa shilingi 250,000, na juu yake gharama ya wiki tano ambazo ndege haikuruka. Ya kwanza nimeikubali. Ya pili haimo popote kwenye mkataba, nikaipinga kwa barua, na mkufunzi mkuu akaifuta baada ya vikao viwili. Nashukuru aliifuta, ila haikupaswa kuandikwa. Ukienda kujiandikisha, popote pale, uliza kwanza sehemu hiyo ya bima ni kiasi gani. Halafu muulize mkufunzi ni lini atakuacha uokoe ndege iliyodunda kwa mikono yako mwenyewe. Akisema hilo litakuja lenyewe, usilipe siku hiyo.

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama somo lile lingetangulia ajali.

Maana somo lilikuja, na lilikuwa zuri sana. Tulikwenda Orly, kiwanja kidogo cha ndege kule Kajiado, na mkufunzi akaidundisha ndege kwa makusudi, akaweka mikono mapajani. Mara ya kwanza nilisukuma tena. Akaokoa. Mara ya pili nikaushikilia usukani palepale ulipo, pua isipande wala isishuke, throto, ile ya kuongeza nguvu ya injini, mbele mpaka mwisho, mkono wa kushoto ukiizuia pua isije ikapanda ghafla kwa nguvu ya injini, flapu zikipanda hatua kwa hatua, kwanza moja, nyingine baada ya ndege kushika spidi. Tulifanya hivyo mara 11. Nilishuka nimelowa jasho.

Wiki iliyopita, nikiwa peke yangu Wilson kwenye njia ya 14, upepo wa ubavuni ulinidundisha. Throto mbele, pua ikatulia, nikapaa, nikauambia mnara wa waongoza ndege nazunguka tena. Mkufunzi wangu alikuwa amesimama nje ya karakana. Nilipotua mara ya pili na kuegesha, alikuwa bado amesimama palepale, mikono mfukoni.